Vyombo vya kumlishia mtoto vinavyooza: kipi kinafaa kwa uji wetu?

Mama wa Kijitonyama (swali)

Wazazi wenzangu, salaam. Mwanangu anakaribia kutimiza miezi sita na nimeanza kumwandalia vyombo vya kulia. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, sisi nyumbani tumekuwa tukipunguza plastiki kidogo kidogo, na nisingependa mtoto aanze kula kwa vijiko vitakavyovunjika baada ya muda mfupi na kuishia mtaroni.

Madukani hapa Dar es Salaam nimeona bakuli na sahani za rangi za kupendeza zilizoandikwa kwamba ni za mianzi, vijiko vyeupe vinavyosemekana kutengenezwa kwa mahindi, na kwa wachongaji wa Mwenge nimeona vijiko vya mbao na bakuli za vifuu vya nazi. Kila muuzaji anasifu chombo chake kwamba kinaoza na hakichafui mazingira. Ninachotaka kujua ni kipi kilicho salama kwa mtoto anayekula uji kila siku, na kipi kinachooza kweli katika mazingira yetu, maana tunaishi ghorofani, hatuna shamba, na taka zetu huchukuliwa na gari. Mama mkwe wangu aliyeko Tanga anasema mtoto anahitaji kikombe na kijiko, basi. Namwamini, ila bado sijajua kikombe hicho kiwe cha nini.

Muuguzi wa kliniki ya watoto, Morogoro

Dada, mama mkwe wako amesema la msingi. Kliniki huwa tunawashauri akina mama watumie kikombe cha wazi na kijiko badala ya chupa, kwa sababu kikombe husafishika chote, ilhali chuchu ya chupa na kona zake hubaki na masalia ya maziwa. Mtoto wa miezi sita huanza kwa vijiko viwili au vitatu vya chakula kwa mlo, mara mbili au tatu kwa siku, kisha huongezewa polepole hadi afikie nusu ya kikombe cha mililita 250. Kwa hiyo usikubali kuuziwa seti nzima. Kijiko kimoja au viwili, bakuli dogo na kikombe vinatosha.

Kuhusu bakuli za mianzi, nakuomba uwe mwangalifu sana. Nyingi kati ya hizo za rangi zinazong'aa hazikuchongwa kutoka kwenye mwanzi. Ni unga wa mianzi uliochanganywa na plastiki ya melamini, ambayo hutengenezwa kwa melamini na fomaldehaidi, kisha mchanganyiko huo ukashindiliwa kwenye kalibu. Mwaka 2019 BfR, taasisi ya serikali ya Ujerumani inayotathmini hatari za vyakula na bidhaa, ilitahadharisha kwamba vyombo vya namna hiyo vikitiwa vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 70 vinaweza kuachia kemikali hizo kwa kiasi cha kudhuru afya ya mtu anayevitumia kila siku. Mwaka 2021 nchi za Umoja wa Ulaya zikaanza operesheni ya pamoja ya kuviondoa sokoni, kwa kuwa unga wa mianzi haujaidhinishwa huko kuchanganywa kwenye plastiki inayogusa chakula. Zaidi ya hayo, melamini haiozi, hivyo hata ile sifa ya kutunza mazingira haipo.

Kuvitambua si vigumu. Mwanzi halisi huonyesha nyuzi ndefu zinazofuatana, na aghalabu utaona alama ya pingili, wakati bakuli la unga lina uso ulio sawasawa pande zote, wenye vitone vidogo vidogo. Likishazeeka, sehemu ya chini hupoteza mng'ao na kuota vishimo pale uji unapotulia. Mama mmoja aliniletea bakuli kama hilo, nikapitisha ukucha ndani yake, nao ukawa unakwaruza kana kwamba napitisha juu ya saruji.

Na hapa ndipo mazoea yetu ya jikoni yanapoongeza tatizo. Wengi wetu tunaepua uji ukichemka na kuumimina moja kwa moja kwenye bakuli la mtoto ili upoe humo humo. Mtoto anaula ukiwa vuguvugu, lakini bakuli limeshapokea uji unaokaribia nyuzi 100, tena pengine wenye ndimu au ukwaju, na uchachu nao husaidia kemikali hizo kutoka. Mazoea hayo hayo ndiyo yanayokifanya kijiko cha mahindi kisifae. Kijiko hicho ni plastiki iitwayo PLA, inayotokana na wanga wa mahindi au sukari ya miwa, nayo huanza kulegea joto linapofika nyuzi 60 hivi. Vyovyote utakavyochagua, poza kwanza uji kwenye chombo cha stenlesi au bakuli la kioo, ndipo umimine kwenye chombo cha mtoto.

Mchongaji, Bagamoyo

Nashukuru muuguzi ameeleza hayo, kwa sababu sisi wachongaji tunaonekana tunauza vitu vya kizamani wakati kijiko cha mbao tupu ndicho kinachorudi udongoni bila kuhitaji mtambo wowote. Hata hivyo si kila mbao inafaa kinywani mwa mtoto, na mteja ana haki ya kuuliza. Mwarobaini tunauchonga sana, lakini uchungu wake haufai kwa kijiko. Mvule ni mbao nzuri ya milango na samani, ila vumbi lake huwawasha mafundi wengi ngozi na pua, nami sioni sababu ya kumpa mtoto anayetafunatafuna kijiko mchana kutwa. Mbao ya mfenesi iliyokauka vizuri naipenda zaidi, kwa kuwa huchongeka bila kuchanika ovyo. Kataa kabisa mbao za mabaki ya ujenzi na za makreti ya bandarini, kwani huwezi kujua zilitiwa dawa gani ya wadudu.

Muulize fundi amepaka nini. Vanishi hubanduka kwa sababu mtoto hung'ata, na kinachobanduka humezwa. Mimi hupaka mafuta ya nazi, nakiacha kijiko kiyanywe usiku kucha, kisha nakifuta. Rangi ya viatu ya kiwi wanayopaka baadhi yetu ili kazi ing'ae kwa watalii isikaribie kabisa chombo cha chakula.

Kuna kipimo ambacho ningependa kila mzazi akijue. Kijiko kipya hukaa laini mkononi kwa sababu kimesuguliwa kikiwa kikavu. Kiloweshe maji, kiache kikauke, kisha kipitishe kwenye mdomo wako wa chini. Ukihisi vinywele vimesimama, fundi hakumaliza kazi. Kijiko cha mtoto kinapaswa kuloweshwa, kukaushwa na kusuguliwa tena kwa msasa laini, na kazi hiyo irudiwe mpaka maji yasiamshe unyuzi wowote. Kiwe chembamba kiasi, na kina chake kiwe kifupi ili mtoto aweze kufyonza chakula chote kwa mdomo wa juu. Mpini uwe mnene, kwa sababu atakapoanza kujilisha atakishika kwa kiganja kizima.

Kifuu cha nazi kinafaa sana kwa bakuli. Chagua cha nazi iliyokomaa, kisicho na ufa, na ukate kwa upana huku ukichukua nusu isiyo na macho, maana jicho laini la nazi huvuja. Ndani kisuguliwe hadi ile ngozi ya kahawia iishe, kwa kuwa mabaki yake ndiyo yanayoota ukungu. Chini ni mviringo, kwa hiyo kikalishe juu ya pete ya ukindu, la sivyo mtoto atakipindua mara moja.

Baba wa watatu, Nairobi

Nakubaliana na wote wawili kuhusu usalama, lakini naomba kulipinga wazo kwamba chombo kinachooza ndicho bora siku zote. Vipimo vya Ulaya vya kuidhinisha bidhaa kuwa inaoza, vinavyojulikana kama EN 13432, vinatazama hali ya mtambo wa kutengeneza mboji, ambako joto hufika nyuzi 58 hivi na unyevu husimamiwa. Bidhaa inatakiwa isambaratike ndani ya wiki 12. Hiyo PLA ikitupwa mtaroni au baharini hukaa miaka. Hapa kwetu gari la taka la mtaa halipeleki kwenye mtambo wa aina hiyo, linapeleka dampo, Dandora kwetu na Pugu Kinyamwezi kwenu, na huko hata kitu kinachooza kweli hufunikwa na taka nyingine, kikaoza bila hewa na kutoa gesi ya methani, inayoongeza joto duniani. Kenya ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inayotaka taka zitenganishwe tangu nyumbani, na natamani itekelezwe kila mtaa, kwa sababu bila hiyo maandishi yaliyo kwenye pakiti hayana maana.

Ndiyo maana sisi tulinunua vijiko na bakuli za stenlesi. Haviozi, lakini vimelisha watoto wote watatu, vinachemshwa bila kudhurika, na siku vikichoka wanunuzi wa vyuma chakavu watavichukua. Ninachokataza ni vijiko na bakuli za alumini zinazoyeyushwa uchochoroni kutokana na vyuma vya kila aina, kwani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo huathiri ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Bakuli la stenlesi hupata moto haraka, hilo ni kweli, kwa hiyo lishike kwa mkono mtupu kabla ya kumwekea mtoto.

Mama wa Kijitonyama

Nawashukuru kwa moyo wote. Bakuli za mianzi nimeachana nazo. Naelekea kuchukua kijiko cha mbao kwa ajili ya kumlishia, kwa kuwa si cha moto wala si kigumu kwenye ufizi, pamoja na bakuli la stenlesi. Nina wasiwasi mawili yaliyobaki. Nyumba yetu ina unyevu, hasa wakati wa masika, na naogopa ukungu kwenye mbao. Pili, kuna duka linaloniuzia sahani za majani ya mpopoo, mti wa jamii ya mnazi, kutoka India, zinazotupwa baada ya kutumika, na nilifikiri zingefaa tukisafiri.

Muuguzi wa kliniki ya watoto, Morogoro

Kuhusu sahani za mpopoo, ningeziacha. Mwaka 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilieleza kwamba vyombo vya majani hayo havijathibitika kuwa salama kwa chakula, kwa sababu mpopoo una kemikali zake za asili zinazoweza kuhamia kwenye chakula. Mkisafiri, beba kikombe na kijiko chake kwenye kitambaa safi.

Ukungu unazuilika. Kijiko cha mbao kisilowekwe kwenye beseni pamoja na vyombo vingine. Kioshe kwa sabuni mara mtoto amalizapo kula, kimwagie maji yaliyochemka, kisha kisimamishe kichwa kikiwa juu mahali penye hewa, na jua likiwepo kianike. Usikifungie kwenye kopo wakati bado kina unyevu. Uwe na viwili vya kupokezana ili kila kimoja kipate muda wa kukauka hadi ndani. Kikitoka ufa, au kikiwa na madoa meusi yasiyotoka kwa kusugua, usimlishie tena.

Mchongaji, Bagamoyo

Naongezea hapo. Madoa yakiwa juu juu tu, kisugue kwa msasa, kikauke, ukipake mafuta ya nazi upya. Usitumie mafuta ya alizeti, maana huchacha na kuacha harufu. Kikiwa na ufa, nakubaliana na muuguzi kwamba kazi yake kwa mtoto imekwisha, lakini usikitie kwenye gari la taka. Kama hakijapakwa vanishi wala rangi, kivunje vipande na ukifukie kwenye chungu cha maua hapo hapo kibarazani. Kitakawia kidogo kwa kuwa mbao ngumu haina haraka, ila weka udongo ukiwa na unyevu na kitalainika chenyewe. Na ukienda Mwenge, nenda asubuhi siku ya kazi, fundi awe na nafasi ya kukisugua mbele yako.