Wachoraji wa mandhari, tupeane uzoefu: mwanga ukikukimbia unafanyaje?

Mleta mada: Wakuu, nimerudi tena na kazi isiyoisha. Nilianza bonde likiwa na ukungu, kuja kuinua kichwa vivuli vimeshahamia upande wa pili. Nikawa nakimbizana navyo, mwisho picha ina majua mawili. Wenzangu mnafanyaje?

Brashi Pana: Yamenikuta mno. Ikishapita saa mbili asubuhi, mwanga si ule tena.

Majimaji: Claude Monet, yule mchoraji Mfaransa, alikuwa na kanvasi (vitambaa vya kuchorea) kadhaa kwa wakati mmoja. Zile picha zake za malundo ya nafaka za 1890 na 1891, mwanga ukigeuka anaweka hii chini, anachukua nyingine. Mimi asubuhi ina karatasi yake, jioni ina yake.

Jicho la Pili: Si upige picha kwa simu ukachorie nyumbani?

Brashi Pana: Simu inageuza kivuli kuwa shimo jeusi. Ukikaa palepale unaona ndani yake kuna bluu, kuna zambarau. Ndugu, usiwapotoshe wanaoanza.

Jicho la Pili: Sijampotosha mtu. Mgongo wangu hauniruhusu kukaa juani. Kwa hiyo nisichore?

Gome: Mmenikumbusha mbali. Kulikuwa na mti mmoja nimeuchora siku tatu mfululizo, rangi za mafuta, nikaacha shina kwa makusudi ili nilimalize siku ya nne. Nafika, mti haupo. Umekatwa usiku au alfajiri, sijui. Kisiki bado kibichi, utomvu unachuruzika, vumbi la msumeno limetapakaa mpaka pale ninapowekaga kiti. Nilikaa chini na brashi mkononi nisijue nianzie wapi. Nyumbani nikajaza shina kwa kahawia, kama ambavyo kila mtu anadhani shina lilivyo. Halafu nikakuta kikaratasi nilichoandika siku ya kwanza: "gome ni kijivu, limeingia zambarau, kijani chini kwenye unyevu." Nikakwangua kahawia yote. Tangu siku hiyo, naandika rangi kabla sijagusa brashi.

Majimaji: Pole sana Gome. Hata John Constable, mchoraji wa mandhari wa Uingereza, alikuwa akiandika saa na upepo nyuma ya michoro yake ya mawingu.

Brashi Pana: Nimesoma mara mbili. Jicho la Pili, nisamehe, nilikuwa mkali.

Jicho la Pili: Yameisha kaka.

Kanvasi Mbichi: Kwa mleta mada: chora vivuli vyote dakika za mwanzo, kisha usivihamishe hata jua lihame. Na nyeusi itupe kabisa.

Majimaji: Nyeusi asitupe! Ichanganye na njano, unapata kijani tulivu cha majani ya mbali.

Mleta mada: Asanteni. Gome, kile kisiki ulikichora?

Gome: Mara nne. Ule utomvu nimejaribu njano ya udongo na tone la nyekundu. Bado haujakaa sawa.