Tupeane uzoefu: mgonjwa wa kiharusi akisharudi nyumbani

Binti wa Kadutu: Hamjambo wote. Baba alipata kiharusi, sasa anatembea na fimbo. Majirani wakimwona mlangoni wanasema "Mzee amepona, Mungu asifiwe," na sisi wa ndani tunanyamaza. Mkono wa kuume umekunjika, na maneno yanakwama: anataka maji, anasema "kiti", kisha anakasirika kwa sababu anasikia alivyokosea. Daktari alieleza kwamba kwa watu wengi usemi unakaa upande wa kushoto wa ubongo, ambao ndio unaoongoza mkono wa kulia, kwa hiyo vimekwenda pamoja. Ajabu ni kwamba kwaya ikianza, anaimba ubeti mzima bila kukosa. Mwingine ameona hili? Na ninyi wa milimani, mgonjwa mnamtoaje nyumbani? Kwetu hadi barabarani ni ngazi za udongo, mvua ikinyesha hata motari, yule wa pikipiki, anakataa kushuka.

Mama wa Nyawera: Mimi si mlezi, ndimi mgonjwa. Kutembea natembea. Kinachoniangusha ni uchovu, na si ule unaoisha ukilala. Nikisha kuoga na kuvaa, asubuhi yangu imekwisha. Nilikuwa nauza vitenge, hesabu za dola na franga nazifanya kichwani huku nabishana na mteja. Siku hizi zinanipotea katikati. Meza nimemwachia mdogo wangu. Anauza vizuri, sina neno, ila jioni ananipa pesa kama anayetoa sadaka. Halafu wageni! Wanamuuliza binti yangu, nami nimekaa hapo hapo: "Anakula? Analala?" Si mniulize mimi?

Kijana wa Bagira: Baba mdogo kwake ni upande wa kushoto. Alikuwa anakula bugali na sombe vya upande wa kulia wa sahani tu, kisha analalamika kwamba mke wake anamnyima chakula. Wazee wa ukoo wakaitwa kusuluhisha! Kumbe macho ni mazima, ubongo ndio umeacha kushughulika na upande ule. Sahani ikigeuzwa, anamaliza. Ndevu vilevile ananyoa nusu. Barabarani hatumwachi peke yake hata kidogo.

Kine wa mtaa: Nafanya mazoezi ya viungo na wagonjwa hawa. Binti, kuhusu ngazi: kupanda, mguu mzima utangulie, kushuka, utangulie ule mgonjwa, na msaidizi akae upande wa chini siku zote: nyuma yake akipanda, mbele yake akishuka. Siku za mvua afanyie nyumbani, ainuke kitini na kukaa tena, kidogo kidogo mara nyingi. Msimvute kwa mkono uliopooza, bega linateguka na maumivu yake hayaishi upesi. Akikohoa anapokunywa maji, msimlazimishe. Maji hupita njia mbaya kwa urahisi kuliko uji, na yakiingia mapafuni ni hatari. Kuimba ni kweli, nyimbo hazitegemei upande ulioumia peke yake. Dawa za tansiyo, yaani shinikizo la damu, asiziache eti kwa kuwa anajisikia vizuri.

Mke, Goma: Wangu analia. Habari za redio, analia. Mtoto akileta matokeo mazuri ya shule, analia. Matangani alicheka mbele ya wafiwa, tukaondoka haraka. Nilidhani ni huzuni.

Kine wa mtaa: Mama, kilio au kicheko kinachokuja bila kuitwa na kukatika ghafla ni jeraha la ubongo, waelezeni ndugu ili wasimcheke. Huzuni ni kitu kingine, nayo inawapata karibu theluthi moja ya waliopata kiharusi. Akikataa chakula, halali, hataki kumwona mtu, mpelekeni kwa daktari. Inatibika.

Mama wa Nyawera: Hiyo ya huzuni ilinipata. Nyumbani waliiita uvivu.

Binti wa Kadutu: Asanteni. Kiti tutaanza leo. Wa Bagira, mlijuaje kwamba ni sahani? Na kuna aliyejaribu picha kwa mtu asiyepata maneno? Nafikiria kuchora kikombe, kitanda na choo kwenye karaton, aonyeshe kwa mkono wa kushoto.