Mpira wa kutanua ngozi kichwani: aweza kujaziwa hapa hapa Malindi?

MwanaShela: Salaam jamani. Mtoto wa dada yangu, miaka 9, ana kovu la uji kichwani, halioti nywele. Mombasa wamemtia mpira wa silikoni chini ya ngozi yenye nywele. Atakiwa ajaziwe maji kila wiki, na nauli yatushinda. Zahanati za hapa waweza?

Muuguzi_Msabaha: Muuguzi aliyeelekezwa na daktari wake aweza. Hupapasa kidude cha kudungia, husafisha ngozi, huingiza sindano nyembamba ya geji 23 wima mpaka igonge kibati cha chini, kisha husukuma maji ya chumvi ya dripu polepole. Kwa ngozi yetu nyeusi usingoje uone weupe wa ngozi iliyovutwa mno: ikikaza na kung'aa, na mtoto akasema yauma, fyonza kidogo. Ukikosea ukachoma mpira wenyewe, wavuja.

Baharia: Mnunulieni kofia ya viua, basi 😂

Ummu_K: Uji wa moto, mtoto karibu, wazazi wapi?

Pima_Kwanza: Aliwekewa lini?

MwanaShela: Jumatatu iliyopita.

Pima_Kwanza: Na mwauliza kujaza? Uzi wa kutunga huu. Kwa kawaida hungojwa wiki 2 hadi 3, mshono ushike.

Baharia: Nilisema mie.

MwanaShela: Situngi! Kijana wa duka la dawa ameshamjaza juzi, mililita 40. Twataka amalize kabla shule hazijafunguliwa. Sindano ilikuwa mpya. Mshono watoa majimaji kidogo tu, homa hana. Nilifikiri tupake malhamu tuendelee.

Pima_Kwanza: Muendelee na nini? Ngozi haivutwi tu, hukua, na kukua kwataka wiki nyingi. Daktari hupima juu ya uvimbe toka ukingo hadi ukingo, akatoa upana wa chini: 16 toa 9 ni sentimita 7, zafunika kovu la 6, kwa kuwa ngozi ikikatwa hujikunja. Mkiharakisha yawa nyembamba, mshono waachana, mpira waonekana. Hapo mara nyingi hutolewa, na kurudia ni miezi.

MwanaShela: Simu ya daktari haishikwi. Na Ijumaa tuna arusi.

Muuguzi_Msabaha: Arusi itaendelea bila yeye. Asidungwe tena, msiminye, malhamu wacheni. Funikeni kwa shashi safi, mpande gari la alfajiri. Daktari huenda akafyonza maji mshono upumue. Andikeni tarehe na hizo mililita 40, mumpe mkifika, asianze kuwauliza kama sisi.