Tupeane uzoefu: ofisini kwenu mnawasilianaje intaneti ikikatika?

Wagosi wa kaya, salaam. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipata hitilafu baharini na intaneti ikazorota nchi nzima. Hapa kwetu Chumbageni, Tanga, kazi iliendelea, maana masijala yetu, yaani chumba cha majalada, haijawahi kufungwa. Dokezo linaandikwa ndani ya jalada, barua inapewa namba ya folio, yaani namba yake ndani ya jalada, kwa wino mwekundu, tarishi anapeleka, anayepokea anasaini daftari la dispachi. Ukiuliza jalada liko wapi, karani anafungua rejista na kukutajia meza. Barua pepe inaniambia imetumwa tu; nani anaishughulikia, sijui. Ndiyo maana nalipenda sana lile daftari. Leteni ya kwenu.

*Wa Muheza:* Mie nimekulia shamba la mkonge, baba alikuwa karani. Alfajiri kinagongwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mwembeni, watu wanajaa uwanjani, mnyapara anaita majina na kugawa kazi. Korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, ikiharibika, anatumwa kijana wa baiskeli na kikaratasi chenye mhuri kwenda kwa fundi. Fundi anajibu nyuma ya karatasi ileile, saa ya kupokea na vipuri anavyotaka. Baba alizitunza zote kwenye msumari ukutani, na mzozo wa malipo ukitokea aliziteremsha zikasomwa mbele ya wote wawili. Sijaona ushahidi mzuri kuliko ule.

*Wa Makorora:* Mimi muuguzi. Zamu tunakabidhiana kitanda kwa kitanda, kitabu cha ripoti mkononi. Mgonjwa aliyebadilika usiku nakuonesha mwenyewe, nawe unaniuliza papo hapo. Hata tuletewe kompyuta ngapi, hili tusiliache.

*Wa Ngamiani:* Mkuu, mbona majalada nayo yanalala? Ofisi moja niliyofanya kazi, ombi langu la likizo lilikaa mezani kwa bosi mpaka likizo yenyewe ikapita. Saini ya kupokea ilikuwepo!

*Mwanzisha mada:* Pole sana ndugu yangu, hilo linauma. Kwetu kila jalada linalotoka linaandikiwa kwenye shajara tarehe ya kurudi. Tarehe ikifika, mama wa masijala anapanda ngazi mwenyewe, anasimama mlangoni kwa bosi na kuliomba. Halijajibiwa, anaandika sababu mbele yake. Kwenu kulikuwa na mtu wa kazi hiyo?

*Wa Ngamiani:* Hakuna. Tarishi akishatua jalada, basi.