Ninafundisha Kiswahili Accra na nimeombwa kuongeza mkataba. Naomba ushauri wenu

MwalimuWaTanga aliandika:

Habari za jioni, wanajukwaa, na shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika chuo kimoja mjini Accra, Ghana, na mume wangu na watoto wetu wawili, ambao bado wako shule ya msingi, wapo Tanga. Mkataba wangu unakaribia kwisha na mkuu wa idara ameniomba niongeze miaka miwili. Kazi yenyewe naipenda. Wanafunzi wa huku wana hamu na Kiswahili, hasa baada ya Umoja wa Afrika kukipitisha kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022, na wenyeji ni wakarimu mno; mtu anayekula hakubali upite bila kukukaribisha kwenye sahani yake, kama ilivyo kwetu.

Linalonielemea ni jioni. Ghana iko nyuma ya Tanzania kwa saa tatu, kwa hiyo nifikapo nyumbani saa moja usiku, Tanga ni saa nne na watoto wamekwisha kulala. Mume wangu hunitumia sauti zao alizozirekodi kabla hawajalala. Juzi mdogo alinieleza kwa kirefu jinsi jino lake lilivyong'oka shuleni, nami nikamjibu akiwa usingizini. Ukifika msimu wa harmattan, Desemba na Januari, vumbi la Sahara linapoufunika mji nami nikijua kwamba nyumbani ndugu wamekusanyika kwa sikukuu, hata kusahihisha kazi za wanafunzi hunishinda.

Je, upweke wa namna hii hupungua kadiri mtu anavyozoea, au niuchukue kuwa sababu ya kukataa mkataba? Mume wangu ameniachia uamuzi.

BabuMkufunzi alijibu:

Marahaba, mwanangu. Nilifundisha Ghana kabla ya kustaafu, kwa hiyo hayo unayoyasema nayafahamu vizuri.

Anza na ratiba, maana shida yako kubwa iko hapo. Saa saba mchana ya Accra ni saa kumi ya Tanga, wakati ambao watoto wametoka shule na bado wana nguvu za kuzungumza. Mwombe mkuu wa idara asikupangie kipindi saa hiyo, na umwombe sasa, kabla hujatia saini, kwa sababu mwalimu anayebembelezwa abaki husikilizwa zaidi kuliko aliyekwisha kukubali.

Kuhusu chakula hukuuliza, lakini tumbo nalo hukumbuka kwao. Banku na kenkey hupikwa kwa unga uliochachushwa, na wengi wetu hatuzoei upesi ule ukali wake. Nenda soko la Madina, waliko watu wengi wa kaskazini, uulize tuo zaafi. Ni ugali laini wa mahindi, nao huliwa na mboga iitwayo ayoyo, ambayo ni mlenda ule ule wa kwetu.

La tatu ndilo lililonisaidia mimi kuliko yote. Nenda kwenye misiba. Ghana mazishi mengi hufanyika Jumamosi, wakati mwingine wiki kadhaa baada ya kifo, na watu huvaa nguo nyeusi na nyekundu. Mwenzako wa kazini akifiwa, nawe ukaenda, ukatoa mchango wako na kuketi na wafiwa, Jumatatu utasalimiwa kwa namna nyingine kabisa. Nilikuwa mpweke kwa sababu nilikuwa mgeni wa kila mtu na hakuna aliyenitegemea kwa lolote. Nilipoanza kudaiwa kufika misibani na kwenye sherehe za kuwapa watoto majina, jioni zangu zilipata watu.

MamaNeema alijibu:

Babu amesema vyema, ila ushauri wake unamfaa zaidi mtu aliye peke yake. Dada yangu, majirani wa Accra wanaweza kukuondolea upweke wako wewe, lakini hawawezi kuuondoa wa watoto. Miaka miwili ni mingi kwa mtoto anayeng'oka meno. Kubali mwaka mmoja, na iandikwe ndani ya mkataba kwamba utakuwa na likizo Desemba.

MkaziWaKigali alijibu:

Nami nafundisha ugenini, Rwanda, ambako Kiswahili ni lugha rasmi tangu mwaka 2017. Nikizidiwa napanda basi kupitia Rusumo na kurudi nyumbani. Wewe huna njia hiyo, kwa hiyo usiwasikilize sana wanaokuambia kwamba wao walivumilia. Namuunga mkono MamaNeema.

MwalimuWaTanga alijibu:

Nawashukuru sana. Kesho nitaomba nafasi ya saa saba mchana, nami nitasema wazi kwamba niko tayari kwa mwaka mmoja. Mume wangu anapendekeza kuwaleta watoto likizo ya Juni. Je, kuna la kutangulia kulifanya?

NesiMstaafu alijibu:

Wapate chanjo ya homa ya manjano mapema, maana Ghana hudai cheti mpakani. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na dozi moja inatosha maisha yote, hivyo msiiache hadi wiki ya safari. Na kwa kuwa Accra ina malaria mwaka mzima kama Tanga, vyandarua viwe tayari kabla hawajafika.