ATtiny85 imejaa: nihamie asembli au nibaki na C?

kuku_na_kodi: Habari wakuu. Natengeneza mashine ya kutotolesha vifaranga, chipu ni ATtiny85, yaani flashi (ya kuhifadhi programu) kilobaiti 8 na RAM (ya data wakati programu inakimbia) baiti 512 basi. Inasoma joto kwa sensa ya DHT22, inawasha na kuzima balbu. Nimeandika kwa C, flashi inakaribia kujaa na bado sijaweka alamu. Jamaa ananiambia niandike yote upya kwa asembli, yaani maelekezo ya prosesa moja kwa moja, kuna faida kweli?

fundi_pini: Usiandike upya mkuu. Kwanza angalia kama kuna float (namba za desimali) humo, hiyo chipu haina hata saketi ya kuzidisha sembuse ya desimali, kwa hiyo ukifanya hesabu za float kompaila (inayogeuza C kuwa maelekezo ya chipu) inakubebea laibrari ya kuigiza desimali na ndiyo inayokumalizia nafasi. DHT22 yenyewe inatuma joto kama namba nzima, nyuzi 37.5 zinakuja 375, sasa we linganisha na 375 hivyohivyo. Halafu kompaili kwa -Os, ile ya kuiambia kompaila ifupishe programu, uone.

kuku_na_kodi: Sawa, float zipo, nazitoa leo. Na ile kusoma sensa, si inataka muda sahihi sana?

fundi_pini: C inatosha. Biti ya 0 pini inakaa juu kama maikrosekunde 27, ya 1 inakaa 70, na kwa 8 MHz hiyo 27 tu ni mizunguko zaidi ya 200 ya prosesa, nafasi ipo tele.

baiti512: Ila asembli msiidharau jamani. Mkishaweka zile taa za WS2812 (LED za rangi zinazopokea data kwa waya mmoja) biti moja ni maikrosekunde 1.25, kwa 8 MHz unabaki na mizunguko 10 tu na huwezi kujua kompaila itakutolea nini, hapo unaandika vile vimistari vichache kwa asembli ndani ya C, kwingine kote unaacha C. Ukiandika yote kwa asembli ya AVR (aina ya prosesa iliyo ndani ya ATtiny), siku ukihamia chipu ya aina nyingine kama STM32 unaanza sifuri.

mama_saketi: Mdogo wangu, mimi ninachokiogopa kwenye C ni RAM. Ukiandika nje ya array (safu ya data) hakuna wa kukuzuia, steki (sehemu ya RAM ya data ya muda ya funksheni) nayo ikishuka ikakanyaga vigeu vyako joto linabadilika lenyewe, balbu inabaki inawaka na mayai yanaiva humo ndani. Array ziwe fupi, malloc (ya kuomba RAM wakati programu inakimbia) usiiguse kabisa, na wochidogi (inayowasha chipu upya programu ikikwama) iwashe kabla hujaweka hata yai moja.

kuku_na_kodi: Nimetoa float zote dada, alamu imeingia na nafasi imebaki. Sasa naenda kwenye wochidogi.