Solskjær na mshambuliaji wa kutoka benchi: tuige nini hasa?

KochaNyalenda (Kisumu)

Wadau, habari za jioni. Nina swali kuhusu Ole Gunnar Solskjær, yule mshambuliaji wa zamani wa Manchester United anayesifiwa kwa kufunga akitokea benchi, na naomba majibu ya kiufundi, ushabiki tuuweke kando.

Timu yetu ya mtaa inajiandaa kwa kombe la vijana hapa Kisumu. Mechi ni dakika 70, kila timu inaruhusiwa kubadilisha wachezaji watano. Kuna mshambuliaji wa miaka 18, anajua kumalizia lakini pumzi haijatosha mechi nzima. Mpango ni kumwingiza dakika 20 za mwisho, na kila anayeusikia anasema, "Mfanye Solskjær." Sawa, lakini Solskjær alikuwa akifanya nini hasa pale benchi? Mchezaji wa akiba anaandaliwa vipi asiingie uwanjani misuli ikiwa baridi? Na la tatu linalonitatiza zaidi: mtu aliyelielewa benchi kiasi kile, mbona ukocha wake Manchester United uliishia vile?

BekiWaBukhungu (Kakamega)

Kocha, tuanze kwa kuisahihisha hiyo sifa. Solskjær alifungia United mabao 126 katika mechi 366, na yale aliyofunga akitokea benchi hayafiki 30. Mengi alifunga akianza. Alinunuliwa kutoka Molde mwaka 1996 kwa pauni milioni 1.5, akiwa amepachika mabao 31 katika mechi 42 za ligi ya Norwei. Msimu wake wa kwanza Uingereza alifunga 18 ya ligi, akaongoza wafungaji wote wa timu. Kwa hiyo alikuwa mfungaji kamili kwanza, benchi likafuata. Kijana wa miaka 18 akiambiwa "wewe ni wa dakika 20," hataona sababu ya kujenga pumzi. Mpe dakika 20 msimu huu, lakini mazoezini akimbie kama wanaoanza.

Sasa hilo la benchi. Alex Ferguson, kocha wake pale United, amesimulia kwamba Solskjær alikuwa akiandika mambo kila wakati, mazoezini na hata akiwa benchi. Macho yake yalikuwa kwa mabeki. Hili unaweza kulifundisha. Mpe kijana karatasi na kalamu, na maswali haya: beki yupi wa kati anageuka polepole, na upande gani? Krosi ikipigwa, nani anatazama mpira na kumsahau mtu wake? Kati ya beki wa pembeni na wa kati pana nafasi gani wakati timu yao inashambulia? Nani ana kadi ya manjano? Wakati wa mapumziko akusomee majibu. Akikuambia tu "mabeki wao wazito," hajatazama. Jibu la maana ni kama "namba 5 anageukia kulia tu."

Fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya mjini Barcelona, 26 Mei 1999, watu hukumbuka mguu ule wa mwisho tu. Itazameni tena kuanzia dakika ya 81, alipoingia badala ya Andy Cole, United wakiwa nyuma 1-0 dhidi ya Bayern Munich. Sheringham anasawazisha dakika ya kwanza ya nyongeza. Muda mfupi baadaye Solskjær mwenyewe anamkimbilia beki wa Bayern, Samuel Kuffour, upande wa kushoto na kuipatia timu kona. Beckham anapiga, Sheringham anaukata kwa kichwa, na Solskjær, aliyekuwa akikabwa na Kuffour huyo huyo, anaunyooshea mguu wa kulia ukagonga paa la wavu. Miezi minne kabla alikuwa ameiondoa Liverpool kwenye Kombe la FA kwa bao la dakika za nyongeza. Na tarehe 6 Februari mwaka huo huo aliingia dhidi ya Nottingham Forest na kufunga manne kuanzia dakika ya 80. Mechi ikaisha 8-1.

Jambo la kiufundi kwenye mabao yake mengi: hakuvuta mguu nyuma sana. Alipiga mapema, chini, kwa mguu wowote, kabla kipa hajatulia. Vijana wengi wanaotoka benchi wanakosea hapo. Wanataka kupasua wavu, wanachukua mguso mmoja wa ziada, beki anafika.

Afraha4231 (Nakuru)

Nitajibu la misuli. Kosa la kawaida ni kupasha moto saa nane, mchezaji akakaa chini hadi saa tisa unusu, halafu kocha akaita, "Wewe, vaa!" Ukikaa kama robo saa joto la misuli linashuka waziwazi. Mbio ya kwanza ya kasi ndiyo inayochana msuli wa nyuma ya paja.

Kwa mechi ya dakika 70, kama ataingia dakika ya 50, nifuateni hapa. Apashe moto na wenzake wote kabla ya mechi, bila kupunguziwa. Kipindi cha kwanza, kila baada ya dakika 15 ainuke akimbie taratibu nyuma ya lango kwa dakika 3. Mapumziko asiketi kusikiliza hotuba yote. Atoke uwanjani dakika 6 hadi 8, apige pasi na mwenzake, kisha mashuti sita, matatu kila mguu. Dakika ya 40 mwarifu kwamba anaingia. Hapo aanze awamu ya mwisho: dakika 2 za mbio nyepesi, kurusha miguu mbele na pembeni, kisha mbio tatu za mita 20, apumzike nusu dakika kati ya moja na nyingine, ya tatu iwe karibu kasi yake yote. Amalize kama dakika 2 kabla ya kusimama kwa mwamuzi wa nne.

Asikae akivuta msuli mmoja kwa dakika nzima bila kusogea. Kunyoosha kwa namna hiyo kunapunguza nguvu ya kuruka na kukimbia kwa muda. Kufanyike baada ya mechi.

Jua la Kisumu la mchana nalo lina hesabu yake. Benchi liwe kivulini, na maji ni mafunda machache kila dakika 15 hadi 20, si chupa nzima kabla ya kuingia. Vikinga ugoko, kamba za viatu, jezi yenye namba sahihi: vyote viwe tayari kabla hujamwita. Timu inaweza kupoteza dakika tatu kwa sababu mtu anatafuta soksi.

Maagizo yawe mawili tu. Moja, beki yupi wa kumshambulia. Mbili, anasimama wapi kwenye kona yetu na kona yao. Zaidi ya hapo hatakumbuka. Na usibadilishe mchezaji wakati wapinzani wanajiandaa kupiga kona, isipokuwa aliyeko ndani ameumia. Anayetoka anaacha mtu wake, anayeingia hajamwona bado, na bao linaingia kupitia pengo hilo.

Mkija kucheza Nakuru, kumbukeni Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na huku ni karibu 1,850. Wageni kutoka ziwani hukatika pumzi mapema, kwa hiyo mabadiliko ya viungo na mawinga yatangulie kwa dakika 5 hadi 10 kuliko mlivyozoea.

MkufunziWebuye (Bungoma)

La tatu ndilo langu, maana ukocha wa Solskjær unajadiliwa vibaya pande zote mbili.

Hakuokotwa barabarani. Goti lilimwandama tangu Septemba 2003, akastaafu Agosti 2007. Mwaka 2008 akapewa timu ya akiba ya United, akaipa ubingwa wa ligi ya timu za akiba msimu wa 2009-10. Akarudi Molde, na mwaka 2011, klabu ikitimiza miaka 100, akaipa taji la kwanza kabisa la ligi katika historia yake. Mwaka 2012 akalitetea, na 2013 akachukua Kombe la Norwei. Huo ni ukocha wa kweli.

Cardiff City ilikuwa funzo gumu. Aliichukua Januari 2014 ikiwa tayari hatarini, akaongeza wachezaji wengi wapya dirisha lilipokuwa wazi, wakiwemo Wanorwei wenzake watatu, akabadilisha mfumo mara kwa mara. Timu inayozama haina muda wa kuzoeana. Ilimaliza mkiani ikashuka daraja, na Septemba akaondoka.

Desemba 2018 aliingia United kama kocha wa muda baada ya José Mourinho kupigwa kalamu. Alishinda mechi nane za kwanza mfululizo. Kisha ikaja ile ya Ligi ya Mabingwa huko Paris dhidi ya PSG, 6 Machi 2019: mkondo wa kwanza wamefungwa 2-0 nyumbani, wachezaji 10 hawapo, wakashinda 3-1 na kupita kwa kanuni ya wakati ule ya mabao ya ugenini. Alipata mkataba wa kudumu siku 22 baadaye. Uzito wake ulikuwa mashambulizi ya kushtukiza: viungo wawili wakabaji wanakaa, mpira ukinyakuliwa unapigwa haraka nyuma ya mabeki kwa watu wenye kasi kama Rashford, Martial na Daniel James. Ndiyo maana Manchester City ya Guardiola ilipata taabu naye mara kwa mara. Ligini alimaliza wa sita, wa tatu, kisha wa pili akiwa na alama 74, na msimu huo wa 2020-21 hakupoteza mechi hata moja ya ligi ugenini.

Kilichomkwaza ni timu zinazokaa nyuma na kukuachia mpira, na mechi za mtoano zinazoamuliwa na mabadiliko. Alipoteza nusu fainali nne kabla ya kufika fainali ya Ligi ya Europa huko Gdańsk, 26 Mei 2021. Na hapa, Kocha, ndipo swali lako linapogonga. Ilikuwa 1-1 na Villarreal kuanzia dakika ya 55. Kocha wao, Unai Emery, alibadilisha watu wake mapema. Solskjær, yule aliyeingia dakika ya 81 akabeba kombe, hakubadilisha mtu hadi dakika ya 100. Kikosi kilichoanza kilikuwa na miguu mizito na Villarreal wakapumua. Mwishoni kabisa akawaingiza Juan Mata na Alex Telles kwa ajili ya penalti, na wote wawili wakafunga. Penalti 21 ziliingia, ya 22 ya De Gea, kipa wa United, ikaokolewa, 11-10.

Kwa maoni yangu hakuwaamini waliokuwa benchi, na mchezaji wa akiba asiyeaminiwa ni mtazamaji tu. Ferguson alimwamini Solskjær kwa sababu alimpa dakika mwaka mzima. Usimtunze kijana wako kwa fainali, mwingize hata mkiongoza 2-0.

Kuanguka kwa 2021 kulikuwa na sababu nyingine. Alijaribu kukaba juu bila timu nzima kupanda pamoja. Washambuliaji walitoka, viungo wakachelewa, mabeki wakabaki nyuma. Liverpool waliingia kwenye mapengo hayo wakashinda 5-0 Old Trafford tarehe 24 Oktoba, manne yakiwa kabla ya mapumziko. Baada ya kipigo cha 4-1 kwa Watford akaondoka, 21 Novemba. Beşiktaş ya Uturuki ilimchukua Januari 2025 na kuachana naye Agosti mwaka huo huo, baada ya kutolewa na Lausanne kwenye mchujo wa Ligi ya Conference.

KochaNyalenda (Kisumu)

Asanteni sana, hilo la dakika ya 100 sikuwa nimelipima hivyo. Swali dogo la mwisho kwa ndugu wa Bukhungu: zoezi la mpira wa pili kwenye kona, ule wa Sheringham na Solskjær, tukiwa na mipira 6 na lango moja?

BekiWaBukhungu (Kakamega)

Inatosha. Mpigaji mmoja, washambuliaji wanne, mabeki wanne na kipa. Weka koni moja mita 6 mbele ya nguzo ya karibu. Hapo ndipo mpira uanguke, na mshambuliaji mmoja tu ndiye anayekwenda kuukata kwa kichwa. Wa pili anakaa mbele ya kipa bila kumgusa. Wa tatu, kijana wako, anaanza nyuma ya beki wake karibu na doa la penalti na kuelekea nguzo ya mbali mpigaji anapoinua mguu, si kabla. Wa nne abaki ukingoni mwa kisanduku kwa mpira uliorudi.

Piga kona 10 kila upande, kisha badilisha mabeki na washambuliaji. Hesabu mara ngapi wa tatu ameugusa mpira kwanza kabla ya beki, hata kama hakufunga. Kwenye 10, lengeni 4. Zikiwa chini ya hapo, chunguza mpigaji kwanza: mpira ukipita juu ya koni hakuna wa kuukata. Kama mpira unafika vizuri, basi kijana anaanza mapema na anasimama akisubiri pale nguzoni. Mrudishe mita 2 nyuma.